Roboti ya kufagia haikimbizi mende: namna ya kuitumia ili wadudu wapungue kweli

Mende wa chooni, yule mkubwa mwekundu anayeruka na kutawanya watu sebuleni, akishtuka hukimbia hadi mita 1.5 kwa sekunde. Roboti ya kufagia, ile mashine bapa inayojiendesha yenyewe sakafuni ikifyonza uchafu, inatembea kama mita 0.3 kwa sekunde. Ikianza kumfuata, yeye atakuwa ameshaingia nyuma ya friji na anasafisha masharubu, roboti bado inauzunguka mguu wa meza.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kila mtu anayeiona mashine hii nyumbani kwangu huuliza swali moja: "Inaua mende?" Haiui. Inachofanya ni kuwanyima chakula, usiku baada ya usiku, bila kusahau wala kusema leo nimechoka. Ukiichukulia hivyo itakufaa sana. Ukiinunua ukidhani ni paka wa umeme, umetupa pesa.

Maelezo haya ni ya nyumba ya mjini yenye sakafu ya vigae au saruji laini. Kwenye sakafu ya udongo usihangaike nayo, itajaza chujio kwa dakika tano.

Kwanza, jua unapambana na nani

Mende wadogo wa kahawia, urefu kama sentimita moja na nusu, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni wakazi wa ndani. Wanakaa jikoni, penye joto na maji: nyuma ya friji, kwenye bawaba za kabati, ndani ya mikrowevu. Jike hubeba kifuko cha mayai mkiani mpaka yakaribie kuanguliwa, na kifuko kimoja kina mayai 30 hadi 40. Ndiyo maana unaweza kuua kumi leo, mwezi ujao ukaona watoto wamejaa. Hawa ndio roboti itakusaidia zaidi kuwamaliza, ila kwa kushirikiana na dawa ya jeli.

Wale wakubwa wanatoka kwenye chemba na mabomba. Hata sakafu ikiwa safi kama sahani watakuja tu, kwa sababu kwao hapa ni njia ya kupita. Dawa yao ni kufunika matundu ya maji machafu kwa wavu, kuziba pengo chini ya mlango na kuhakikisha mfuniko wa chemba umekaa sawasawa.

Sisimizi wanafuata makombo na sukari, kwa hiyo roboti inafaa. Viroboto nao inawapunguza, nitaeleza. Kunguni hapana. Mbu hapana. Mchwa ni kesi ya fundi na dawa ya msingi wa nyumba, haihusiani kabisa na kufagia.

Tega kabla hujanunua chochote

Nunua mitego ya gundi, ile ya karatasi inayokunjwa kama kibanda. Weka minne au mitano: chini ya sinki, nyuma ya friji, pembeni ya jiko la gesi, karibu na mlango wa choo. Ibane na ukuta, kwa sababu mende hupenda kutembea huku ubavu wake ukigusa kitu. Mtego ulioko katikati ya chumba haupati kitu. Andika tarehe juu ya kila mmoja kwa kalamu, uuache wiki nzima.

Baada ya wiki hesabu. Mtego uliojaa ndiko waliko, na huko ndiko utakakoweka dawa. Mitego isiyonasa chochote nayo imekupa habari. Tunza hesabu hiyo kwenye daftari au kwenye simu, utaihitaji mwezi wa pili, maana macho yanadanganya: nyumba ikishafagiliwa vizuri mtu huona mende wamekwisha kumbe wamehamia kabati la juu.

Kuchagua roboti

Usianze na nguvu ya kufyonza. Anza na futikamba. Pima nafasi iliyo chini ya kochi, chini ya kitanda na chini ya makabati ya jikoni. Roboti zenye kile kijumba cha leza ya kupimia chumba mgongoni hufika kama sentimita 10 kwenda juu. Zisizo nacho ziko kwenye 8. Mahali ambapo roboti haiingii ndipo makombo yanapolala na mende wanapokula, kwa hiyo sentimita hizo mbili zina maana kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye boksi. Pima na vizingiti pia. Nyingi huvuka kizingiti cha sentimita 2, zaidi ya hapo zitagota na kulalamika.

Angalia kama ina brashi ya pembeni. Ile ndiyo inayotoa punje za wali kwenye kona ya ukuta na sakafu, na kona hiyo ndiyo barabara kuu ya mende. Angalia pia chujio: liwe la kunasa vumbi jembamba, hasa kama ndani kuna mwenye pumu. Vinyesi na magamba ya mende yaliyosagika ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu, na mashine yenye chujio bovu inavirusha hewani badala ya kuvihifadhi.

Umeme wake si wa kutisha. Betri ya mAh 5,200 ya volti 14.4 inabeba kama wati 75 kwa saa moja, maana yake uniti moja ya umeme inaijaza mara kumi hivi hata ukiondoa unaopotea njiani. Kinachoua hizi mashine kwetu ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Chomeka kituo chake cha kuchajia kwenye kifaa cha kulinda umeme, kama unavyofanya kwa friji.

Kama unanunua ya mtumba, tafadhali ifungue kabla ya kuiingiza ndani. Mende wadogo wanapenda vyombo vya umeme kwa ajili ya joto, na wengi husafiri kutoka nyumba moja hadi nyingine ndani ya redio, mikrowevu na mashine kama hizi. Toa kisanduku cha vumbi, toa brashi, mulika kwa tochi. Ukiona vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, au kifuko cha kahawia kama punje ya maharage madogo, umeona dalili yao. Hata usipoona kitu, ifunge kwenye mfuko mkubwa wa plastiki pamoja na mtego wa gundi, iache wiki moja. Mtego ukibaki mtupu, ikaribishe.

Kuandaa nyumba

Siku ya kwanza usiiachie tu. Fagia mwenyewe kwa ufagio wa chelewa zile sehemu ambazo hazijaguswa tangu mhamie: nyuma ya friji, nyuma ya jiko, chini ya kabati la vyombo. Roboti ni ya kutunza usafi uliopo. Rundo la mwaka mzima litaishinda.

Inua nyaya za chaja. Kunja mkeka, hasa wenye nyuzi pembeni, kwa sababu brashi huzizungusha mpaka mota inazima. Kanga iliyodondoka chini ya kiti itamezwa pindo. Kama una paka au mtoto anayejifunza kwenda choo, kagua sakafu kila mara kabla ya kuiwasha. Roboti haijui tofauti ya kombo la chapati na kitu kingine, na ikikipitia hicho kingine itakipaka nyumba nzima kwa mistari iliyonyooka.

Halafu, kwenye programu ya simu, ikishachora ramani, weka maeneo ya marufuku. Hii ni hatua ambayo wengi huiruka, na mimi niliiruka.

Niliacha mtego wa gundi ubavuni mwa friji. Usiku wa manane nikasikia mlio usio wa kawaida, kama mtu anakokota kiatu. Nimetoka na tochi, nimeikuta roboti iko korido, mtego umenasa kwenye brashi ya pembeni, na juu ya mtego mende wawili wazima wanazungushwa kama watoto kwenye bembea. Gundi ilikuwa imegusa magurudumu, sensa za chini na vigae vya vyumba viwili. Kama yatakukuta, usitumie petroli. Mafuta ya kupikia hulainisha gundi ile; paka kwa kitambaa, subiri dakika chache, futa, kisha malizia kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo na ukaushe. Tangu siku ile kila mtego una duara lake jekundu kwenye ramani.

Dawa iwe wapi, roboti ipite wapi

Roboti na dawa zinaweza kuharibiana kazi. Kanuni ni rahisi: dawa ikae mahali roboti haifiki.

Jeli ya mende ndiyo inayokwenda vizuri na roboti. Weka matone madogo kama punje ya mchele, mengi, si bonge moja: ndani ya bawaba za kabati, chini ya ukingo wa sinki, nyuma ya friji karibu na mota, kwenye upenyo wa ukuta na kaunta. Mende anakula, anarudi kwenye maficho, anafia huko, na wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, nao wanapata sumu. Jeli inafanya kazi kwa njaa. Kukiwa na wali chini ya meza, mende hana sababu ya kula jeli yako. Hapo ndipo roboti inapopata maana yake: inaondoa vyakula vingine vyote ili kibaki kile ulichomwandalia.

Usipulize dawa ya kopo karibu na jeli. Harufu na sumu ya ile dawa huwafukuza wasiisogelee, na utakuwa umejipinga mwenyewe.

Poda, iwe asidi ya boriki au nyingine yoyote, usiitandaze sakafuni. Roboti itaivuta, chujio litaziba, na sehemu nyingine itatimuliwa nyuma mpaka puani mwa wanao. Ikiwa lazima uitumie, ipulize kidogo ndani ya nyufa au nyuma ya soketi umeme ukiwa umezimwa, kisha uzibe.

Na ile chaki ya mende inayouzwa barabarani, achana nayo. Ni sumu iliyofinyangwa kama chaki ya shule, mara nyingi haina hata lebo ya kueleweka, na mtoto akiiona ataandikia. Ukichora sakafuni roboti nayo itaisambaza chumba kwa chumba. Tanzania, dawa halali ina namba ya usajili kwenye lebo. Anayesajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Isiyokuwa na namba usiiingize jikoni hata kama muuzaji anaapa kwa Mungu.

Saa ya kuiwasha

Wengi huipangia asubuhi, wakiwa kazini, ili isiwapigie kelele. Kwa usafi wa macho ni sawa. Kwa mende ni kuchelewa, kwa sababu wao hutoka taa zikizimwa, na makombo ya chakula cha usiku watakuwa wameshayala.

Kwetu tunakula saa mbili usiku, mara nyingi chini, kwenye mkeka. Baada ya kula mkeka unakung'utwa nje na kukunjwa, vyombo vinaoshwa au angalau vinazamishwa kwenye maji ya sabuni, ndoo ya taka inafungwa, na saa tatu na nusu roboti inaanza na jikoni. Punje za wali, miiba ya dagaa, machicha ya nazi yaliyodondoka, vyote vinaondoka kabla wageni hawajaamka. Asubuhi unaweza kuiongezea sebule peke yake.

Kama ni ya kupiga deki pia, vizuri zaidi, hasa kwa sisimizi. Wao huacha njia ya harufu sakafuni, na kufagia hakuiondoi. Maji ya sabuni ndiyo yanayoifuta. Ila njia inayopanda ukutani uifute mwenyewe. Wakizidi, koroga nusu kijiko cha chai cha asidi ya boriki na vijiko viwili vikubwa vya sukari kwenye kikombe cha maji, lowesha pamba, iweke kwenye kifuniko cha soda juu ya kaunta nyuma ya kitu, mbali na mtoto na paka. Siku mbili za kwanza watajaa kama sokoni. Waache, wanabeba kupeleka kwao.

Choo cha roboti

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, alikaa akaitazama mashine inavyozunguka, mpaka ikarudi yenyewe kwenye kituo chake.

"Mwanangu, hiki kidude kinakula nini?"

"Kinakula makombo, mama."

Akafikiri kidogo. "Haya. Na choo kinaendea wapi?"

Sikuwa na jibu zuri, maana kisanduku chake kilikuwa hakijamwagwa siku nne. Nilipokifungua mbele yake, mende mdogo alitoka akatembea taratibu juu ya mkono wangu, hana hata haraka. Mama hakusema kitu, alinyanyua tu nyusi.

Fikiria: ni kisanduku chenye giza, chenye mabaki ya chakula, kimekaa karibu na betri yenye joto, kiko chini sakafuni. Ungetaka kumjengea mende nyumba ungejenga hivyo hivyo. Vile vituo vinavyofyonza uchafu vyenyewe na kuuhifadhi kwenye mfuko ni hatari zaidi kwa nyumba zetu. Mtengenezaji anajisifu kuwa mfuko unakaa hadi siku 60. Kwa joto na unyevu wa Dar au Mombasa, mabaki ya samaki ya siku 60 hutaki kuyaona. Badilisha kila wiki moja au mbili, ujae usijae.

Kwa roboti ya kawaida, mwaga kila usiku ikimaliza, au alfajiri kabla ya kuondoka. Mwaga kwenye mfuko, funga, peleka nje. Ukimwagia kwenye ndoo iliyo wazi jikoni umewahamishia tu. Mara moja kwa wiki toa brashi ukate nywele na nyuzi, kung'uta chujio nje, osha kisanduku kama mtengenezaji anaruhusu na kikauke kabisa. Inua kituo chenyewe uangalie chini yake. Bandika mtego mdogo wa gundi ukutani nyuma yake, juu kidogo, roboti isiufikie.

Tangi la maji la kudeki limwage kila siku pia, na kitambaa kianikwe. Mbu wa dengi hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji vya majumbani, na kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 hawahitaji kuelezwa dengi ni nini.

Viroboto

Jike wa kiroboto hutaga makumi ya mayai kwa siku, na hayang'ang'anii manyoya ya paka, yanadondoka anapolala. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukoo iko kwenye zulia, si kwenye paka. Mwaka 2007 Glen Needham na Fred Hink wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walionyesha kwamba kufyonza zulia kwa mashine ya kawaida ya vumbi kuliua asilimia 96 ya viroboto wazima na asilimia 100 ya wachanga. Roboti ina nguvu ndogo kuliko mashine ile, lakini inapita kila siku, na wewe hutafanya hivyo, tuambiane ukweli.

Ipitishe kwenye zulia kila siku kwa wiki tatu au nne. Mwanzoni utaona viroboto wameongezeka: waliokuwa wamejifungia kwenye vifukofuko huamshwa na mtikisiko wakidhani mnyama kapita. Usikate tamaa hapo. Paka naye apate dawa kwa daktari wa mifugo, na usimpake dawa ya mbwa yenye permethrin, inaua paka.

Pale ambapo roboti haina kazi

Kunguni wanaishi kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Roboti ikipita chini haiwagusi, na ikimbeba mmoja kwenye kisanduku inaweza kumhamishia chumba cha watoto. Ukishagundua kunguni, fungia roboti nje ya chumba hicho, fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, na ushughulikie kitanda chenyewe kwa mvuke wa moto au fundi wa dawa.

Kwa mbu, chandarua. Mvumbuzi Nathan Myhrvold alionyesha huko Marekani mwaka 2010 mtambo wa leza unaodungua mbu hewani, na video yake bado inazunguka kwenye simu za watu, lakini usiusubiri. Taa za bluu zinazochoma wadudu nazo hazikufai: watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware walihesabu wadudu 13,789 waliouawa na taa hizo, wanaouma watu walikuwa 31 tu. Na kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaiwa kufukuza mende na mbu kwa sauti isiyosikika, mapitio ya 2007 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 10 hayakuona kikizuia mbu kuuma, na mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilishaonya wauzaji na watengenezaji zaidi ya 60 kuhusu madai yao. Hela hiyo nunulia jeli.

Kuhesabu tena

Mende mdogo huchukua karibu mwezi mmoja ndani ya yai na kama miezi miwili kukua, kwa hiyo usihukumu kabla ya wiki nane. Wiki ya nne na ya nane, weka mitego mipya palepale ilipokuwa ya kwanza, wiki nzima, uhesabu.

Namba zikishuka jikoni lakini zikapanda chooni, ni wale wa chemba, rudi kwenye mabomba. Zikishuka kisha zikakwama, badilisha aina ya jeli. Soma lebo uhakikishe kiambato kimebadilika na si jina la boksi tu, maana wapo mende waliokwisha kuzoea kukataa jeli ya sukari fulani. Na kama mtego wenye mende wengi ni ule ulio nyuma ya kituo cha roboti, unajua wa kulaumiwa ni nani. Kamwage kile kisanduku.